Mgongo unaniuma, sasa nasahau hesabu na kufokea watoto

SWALI

Wapendwa washauri, salaam kutoka Igombe, Mwanza.

Mimi ni mama wa watoto wanne, kazi yangu ni dagaa. Nanunua wabichi alfajiri mitumbwi inaporudi, naanika mchangani, wakikauka napeleka soko la samaki la mwaloni, Kirumba. Tangu masika ya mwaka jana mgongo unaniuma sehemu ya chini, na siku nyingine maumivu yanashuka mpaka kwenye paja la kulia.

Mgongo nimeshauzoea. Kinachonitisha sasa ni kichwa. Nasahau nani amelipa na nani anadaiwa. Narudisha chenji iliyozidi. Mteja akiuliza bei ya sado tano inabidi nirudie hesabu, wakati zamani nilikuwa naitoa huku namfungia mwingine mzigo. Nyumbani nafoka hata kijiko kikianguka, halafu usiku nalia peke yangu. Baba watoto anasema nimebadilika. Mama mkwe anataka nipelekwe kwa mganga nikachanjwe chale mgongoni.

Nilipiga eksirei, wakaniambia mifupa ni mizima, "ni mawazo tu, mama, punguza mawazo". Natumia diklofenaki za duka la dawa, nikizidiwa naongeza zile zilizochanganywa na panadoli, na usiku nameza piritoni nipate usingizi. Je, naanza kuchanganyikiwa? Ninunue ule mkanda wa mgongo unaouzwa sokoni? Na kikundi chetu kinataka nichukue mkopo mwezi huu, nami siiamini tena akili yangu. Nishaurini. Wabeja sana.

Mama wa wanne, Igombe

JIBU

Pole sana, mama. Kwa ulivyoeleza, huchanganyikiwi, wala hujageuka mtu mbaya. Unayoyaona kichwani na moyoni ni sehemu ya maumivu yenyewe, na yana namna ya kushughulikiwa.

Tuanze na hesabu ya sado tano. Kuzidisha bei, kutoa punguzo, kujumlisha deni la juzi na kukumbuka mteja alitoa noti gani, yote hayo unayashika kichwani kwa sekunde chache tu, na nafasi ya kuyashika ni ndogo kwa kila binadamu. Maumivu nayo yanaidai nafasi hiyohiyo. Kazi yake ni kukulazimisha uache unachofanya uushughulikie mwili, kwa hiyo ubongo huyapa kipaumbele hata usipotaka. Unapiga hesabu huku sehemu ya akili iko mgongoni inauliza: niiname au nisiiname, paja linaanza au bado? Ujuzi wako wa biashara haujapotea. Ndiyo maana hesabu ukiirudia inatoka sawa.

Hasira na machozi navyo vina sababu yake. Hakuna sehemu moja ya ubongo iliyotengwa kwa maumivu peke yake. Maeneo yanayoyapokea, hasa yale yaitwayo insula na singuleti ya mbele, ndiyo pia yanayoshughulika na huzuni, hofu na kero. Na sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo kwa kawaida ingekuzuia usifoke kijiko kinapoanguka, inakuwa imechoka kwa kubana maumivu kutwa nzima na kwa usingizi mbovu. Mtoto hukutana na mama ambaye breki zake zimeisha tangu saa nane mchana.

Kuhusu kauli ya "ni mawazo tu": aliyekwambia hivyo hakukutendea haki. Eksirei inaonyesha mifupa. Haionyeshi misuli, haionyeshi mishipa ya fahamu, wala haionyeshi jinsi uti wa mgongo na ubongo vinavyopokea taarifa. Maumivu yakishapita miezi mitatu, mara nyingi mfumo wa fahamu wenyewe huwa umekuwa mwepesi kupita kiasi. Ni kama mbwa ambaye nyumba yake iliwahi kuvunjwa, sasa anabwekea hata upepo. Kubweka ni kwa kweli, ingawa mwizi hayupo. Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kilieleza mwaka 1979 kwamba maumivu ni jambo la mwili na la hisia kwa pamoja, na kilipopitia upya maelezo hayo mwaka 2020 kikaongeza kwamba anachosema mgonjwa kuhusu maumivu yake kiheshimiwe. Ni kweli huzuni na wasiwasi huyaongeza maumivu. Lakini kuyaongeza si kuyabuni.

Kabla ya mengine, jikague. Nenda hospitali leo, usingoje kesho, ukiona ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, mkojo umeziba au unakutoka bila kujua, haja kubwa inakuponyoka, au mguu unalegea kiasi kwamba kandambili inakutoka bila wewe kuhisi. Hizo ni dalili kwamba mishipa ya fahamu imebanwa vibaya, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu. Katika siku chache hizi nenda pia ukaonwe kama una homa za jioni, jasho la usiku, umekonda bila sababu, au maumivu yanazidi ukiwa umelala. Kifua kikuu hushika uti wa mgongo pia, hata kwa mtu asiyekohoa, na eksirei ya mwanzoni inaweza isikionyeshe. Damu kwenye mkojo nayo isipuuzwe, kwa sababu ya kichocho na magonjwa ya figo. Kama maumivu yanapanda kila ukikaribia hedhi, mwambie daktari hilo waziwazi, kwani chanzo huenda kiko kwenye kizazi.

Sasa vidonge, na hapa tuna wasiwasi nawe kweli. Zile "zilizochanganywa" mara nyingi zina diklofenaki miligramu 50 na panadoli miligramu 500 ndani ya kidonge kimoja. Ukimeza diklofenaki tatu za 50 mchana, kisha mbili za mchanganyiko jioni, umefika miligramu 250, wakati kikomo cha mtu mzima kwa siku ni 150. Ukiongeza na ibuprofeni umezidisha tena, maana ni ukoo uleule. Dawa hizi huchubua tumbo, hupandisha presha na huelemea figo, na figo huumia zaidi mwili ukiwa umekauka maji, jambo la kawaida kwa mtu anayegeuza dagaa juani tangu asubuhi. Choo kikiwa cheusi tii kama lami, ukitapika damu, miguu ikivimba au mkojo ukipungua, acha hapohapo na uende hospitali.

Kwa hiyo rudi kwenye kidonge cha aina moja tu. Soma jina dogo lililoandikwa nyuma ya karatasi ya vidonge, si jina kubwa la mbele, na usikubali vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina. Kapime presha na figo, umweleze daktari umetumia kiasi gani na kwa muda gani, akuamulie kama uendelee kwa siku chache baada ya kula, pengine pamoja na dawa ya kulinda tumbo, au uache kabisa. Panadoli peke yake isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, ipite angalau saa nne kati ya dozi na dozi. Hata hivyo tusikufiche: kwa mgongo wa muda mrefu panadoli hufanya kazi kidogo sana. Tramado, dawa kali ya maumivu, usiinunue dukani kwa ushauri wa jirani. Inaleta ukungu kichwani, inaweza kuleta degedege, na kuiacha ni shida.

Piritoni ndiyo tungependa uanze kuitoa. Si dawa ya usingizi. Ni dawa ya mzio ambayo usingizi ni athari yake, na nguvu yake haijaisha unapoamka saa kumi alfajiri kwenda kupokea mitumbwi. Huenda sehemu ya kusahau kwako kwa asubuhi inatoka humo. Usiku mmoja miwili ya kwanza bila hiyo inaweza kuwa migumu. Ivumilie. Lala kwa ubavu, weka mto au kanga zilizokunjwa katikati ya magoti ili nyonga isiuvute mgongo. Kama kuamka ni saa kumi, kulala kuwe saa tatu usiku, hata siku ambazo huendi mwaloni. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na uwe kabla ya saa tisa. Ukikaa macho muda mrefu, inuka ukakae kwenye kiti mpaka usingizi urudi, kuliko kugaagaa kitandani ukihesabu madeni. Usiku mmoja mbovu hufanya maumivu yaleyale yahisiwe makali zaidi kesho yake, na mwili unaouma hauupi usingizi nafasi. Mahali rahisi pa kuanza kukata mzunguko huo ni usingizi.

Kazi ya dagaa ni nzito, lakini siku moja ya kazi kwa kawaida haiharibu mgongo wenye afya. Tatizo ni namna unavyoinama: magoti yamenyooka, kiuno kimekunjwa, mikono chini mchangani, saa nzima bila kuinuka. Dawa yake kubwa ni chanja, yaani jukwaa la kuanikia dagaa lililoinuka kutoka chini. Iwe na kimo cha kiuno chako, na upana usizidi mita 1.2 ili ufike katikati kutoka kila upande bila kujinyoosha. Weka nguzo kila mita moja na robo hivi, maana dagaa wabichi ni wazito na chanja ikilegea katikati maji hayachuji, dagaa wanaoza kabla ya kukauka. Tandika wavu wa matundu madogo, uvutwe ukaze. Wa kwenye chanja hawana mchanga, hivyo hata bei mwaloni huwa nzuri kuliko ya wale wa chini. Kama chanja bado iko mbali, anza na fagio: lile fupi unalokusanyia dagaa lifunge kwenye mti wa mita 1.3 hivi, ufagie ukiwa umesimama wima. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni nzito. Gawa mara mbili, au mpe mwenye toroli.

Kisha kazi uipime kwa saa. Usiipime kwa ukali wa maumivu. Wagonjwa wengi wa mgongo hufanya kosa moja: siku mgongo ukitulia wanamaliza kazi zote zilizolala, halafu wanalala siku mbili wakiugulia, na kila mara ubongo unajifunza kuogopa zaidi. Siku tatu mfululizo, tumia saa ya simu uone unainama dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda kwa alama mbili kati ya kumi, sifuri ikiwa huumwi na kumi ikiwa maumivu hayavumiliki. Ukipata 25, 20 na 15, wastani ni 20. Punguza moja ya tano, inabaki 16, izungushe iwe 15. Hapo kila dakika 15 unainuka, unatembea kidogo, unafanya kazi ya kusimama kama kupima na kufunga, kisha unarudi. Simama simu ikilia hata kama unajisikia vizuri. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu mtu asiyeumwa haoni haja ya kupumzika. Kila wiki ongeza dakika moja au mbili tu. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wasipoingia ziwani, ziwe za kutembea na kutengeneza chanja. Zisiwe siku za kufua mashuka yote ya nyumba.

Kutembea kuwe kila siku, dakika kumi mahali tambarare, ukiongeza taratibu hadi 30. Asubuhi na jioni lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, bonyeza kiuno kishike mkeka, hesabu tano, achia, mara kumi. Kisha inua makalio taratibu, shusha, mara nane. Misuli ikiuma kidogo siku ya pili ni kawaida, lakini maumivu makali yanayoshuka mguuni maana yake umezidisha. Joto nalo husaidia: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, dakika 15 hadi 20, kamwe isigusane na ngozi.

Wakati mwili unasubiri kutulia, ipunguzie akili mzigo. Nunua daftari la mistari uligawe safu nne: jina, sado, amelipa, anadaiwa. Andika kabla hujafunga mfuko, si baada. Andaa kibao cha bei kuanzia sado moja hadi kumi, ukikiandika usiku kukiwa na utulivu, ukitundike mbele yako. Hapo sado tano ni kusoma tu. Noti ya mteja usiiweke mfukoni mpaka chenji iwe mkononi mwake, iache juu ya meza ili mbaki mnaiona wote. Na mhudumie mmoja mmoja. Wa pili mwambie kwa upole, "Subiri mama, namalizana na huyu." Hataondoka.

Kwa upande wa hasira, iwahi kabla haijafika mdomoni. Taya linakaza, mabega yanapanda, sauti ya watoto inaanza kuonekana kubwa: hapo toka nje, vuta pumzi kwa kuhesabu nne, itoe kwa kuhesabu sita, dakika tano. Kutoa pumzi kirefu hupunguza kasi ya moyo, na misuli ya mgongo nayo hulegea. Watoto wape namba kila jioni: "Leo mgongo ni saba." Watoto hudhani wao ndio waliomkasirisha mama, na namba inawaondolea mzigo huo. Baba watoto naye aijue namba, ili ikifika saba yeye ndiye asimamie chakula na madaftari ya shule, bila mjadala. Ukishafoka, rudi umwambie mtoto, "Nimefoka kwa sababu ya maumivu, hukukosa." Inatosha.

Lakini kulia usiku tunakuuliza tena. Kama kwa wiki mbili, karibu kila siku, huoni raha katika chochote, huna hamu ya kula au unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa unaotibika, na maumivu hayatapungua vizuri ukiachwa bila kutibiwa. Mweleze daktari wazi kama unavyoeleza mgongo. Ukipata fikra za kujidhuru au kutamani kufa, nenda hospitali siku hiyohiyo, tena usiende peke yako.

Chale tunakusihi usikubali. Wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kukuambukiza virusi vya ukimwi na homa ya ini, na jeraha lililopakwa majivu au unga wa dawa linaweza kuingiza pepopunda. Mama mkwe hakutakii mabaya, anahangaika kwa kukuona unateseka. Mpe kazi ya maana: akukande mgongo kwa mafuta na kiganja, polepole, dakika kumi jioni. Heshima itabaki na ngozi itabaki nzima.

Mkanda usinunue. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda hiyo kama tiba ya kawaida. Fedha hiyo iende kwenye nguzo za chanja.

Mkopo, ushauri wetu ni usiuchukue mwezi huu. Akili yako ni nzima, ila marejesho ya kila wiki hayasimami mbalamwezi, nawe bado hujui mwili utakuruhusu kufanya kazi kiasi gani ukianza mpango huu. Ukilazimika, omba kidogo cha kutosha chanja moja. Piga hesabu saa ambayo maumivu yamepungua, uandike mauzo ya wiki yako mbaya kabisa na rejesho lake kando, kisha urudie siku nyingine bila kutazama karatasi ya kwanza. Majibu yakilingana, mwonyeshe mtu unayemwamini kabla ya kusaini.

Kwa wiki mbili andika pia kila siku: saa ulizolala, maumivu kwa namba asubuhi na jioni, vidonge ulivyomeza, na makosa ya hesabu kama yapo. Daftari hilo nenda nalo kituo cha afya, uombe rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Hospitali za rufaa za jijini, Bugando na Sekou Toure, zina wataalamu hao. Usitegemee nafuu wiki ya kwanza. Mara nyingi usingizi hutangulia, kisha hasira hupungua, na mgongo wenyewe hufuata polepole. Wiki ya sita ikifika na namba zako ziko palepale, rudi kwa daktari na daftari hilo na uombe akupime upya tangu mwanzo, pamoja na lile paja la kulia: nguvu ya mguu, hisia za ngozi, na mwitikio wa goti akiligonga kwa kinyundo.